Sukari Kutoka Tinghir

Ghita alikuwa amemfundisha Assou kila kitu. Alimwambia avae shati jeupe, si lile lenye jina la wakala wa safari mgongoni. Alimwambia asithubutu kusema "mama", aseme "Lalla Batoul" kama wanavyosema watu wote wa mtaa wa Batha, na asifyonze chai kwa ule mvumo wa watu wa kusini unaosikika mpaka kwa jirani. Zaidi ya yote alimwonya asimtazame.

"Ukinitazama tu, tumekwisha," alimwambia. "Mama yangu anasoma macho ya watu kama wengine wanavyosoma gazeti."

Assou akaapa kwamba atatazama zulia.

Jambo moja tu hakumwambia, kwa sababu halikumpitia akilini hata kidogo. Hakumwambia asije na sukari.

Alipofungua mlango alasiri ile, joto la Julai likaingia pamoja na harufu ya nanaa, na Assou akawa amesimama kwenye kivuli cha kichochoro, shati jeupe pe, ndevu zimechongwa, macho yale meusi yakicheka kabla ya mdomo. Wangekutana mara ngapi ndipo azoee? Walifanya kazi ofisi moja, walinywa kahawa pamoja karibu kila siku, na bado kila akimwona, moyo ulimruka kama vile ndiyo mara ya kwanza. Kisha akaliona kapu la ukindu mkononi mwake, na ndani ya kapu vichwa viwili vilivyochongoka, vimevikwa karatasi ya buluu.

"Hiyo nini?"

"Sukari."

"Naona ni sukari! Ya nini?"

"Mama ameituma na basi kutoka Tinghir. Anasema siingii nyumba ya mgonjwa mikono mitupu nikamtia aibu."

"Mgonjwa yupi, Assou? Ni magoti tu!"

"Kwetu mwenye magoti mabovu ni mgonjwa."

"Wewe ni dereva! Umekuja kupanga safari! Uliona wapi dereva anabisha hodi na minara miwili ya sukari?"

Assou akalitazama kapu, akamtazama Ghita, na rangi ikamtoka taratibu. Alikuwa ameishi Fez miaka ya kutosha kujua minara miwili ya sukari inasema nini inapoingia nyumba yenye binti ambaye hajaolewa.

"Niirudishe garini," alinong'ona.

"Gari liko nje ya lango la mji, ukirudi hapa ni magharibi!"

"Ghita! Nani huyo mlangoni?" Sauti ikatoka ndani, na kabla hajajibu, mwenye sauti akafuata. Alikuwa Khalti Zhor, dada mkubwa wa mama yake, mnene, mchangamfu, meno mawili ya dhahabu. Alichungulia ndani ya kapu. Akamwangalia Assou kuanzia nywele mpaka viatu. Akamgeukia Ghita, aliyekuwa amewiva kama nyanya. Kisha akatabasamu, na dhahabu yote ikaonekana.

"Karibu mwanangu, karibu. Hiki kikapu nipe mimi, nikakiweke jikoni. Kwangu kiko salama."

Ghita akafumba macho. Kwa Khalti Zhor hakuna kitu kilichowahi kuwa salama.

Ili mambo yaeleweke, inafaa turudi nyuma kidogo. Majira ya baridi yaliyopita Ghita alijikaza akamwambia mama yake kwamba yupo mtu, kwamba ni mtu mwema, na kwamba ni wa kusini, wa upande wa jangwa. Lalla Batoul aliweka kijiko chini. "Usinitajie jina lake," alisema. "Nikilijua jina nitalizoea. Sitaki." Mazungumzo yakaishia hapo. Baada ya hapo kila Ijumaa palipikwa kuskusi, na kila Ijumaa akatajwa kijana fulani mwenye duka la dawa Rabat, mtoto wa watu, mtoto wa Fez, aliyekwishaanza kuota upara.

Mwezi uliopita magoti ya Lalla Batoul yakamgomea kabisa. Wanawake wenzake kwenye hamamu, bafu la mtaa, wakamwambia dawa iko Merzouga, kwenye mchanga wa moto, na kwamba Julai ndiyo yenyewe. Naye, ambaye hakuwahi kuvuka milima kwenda upande ule, akakata shauri kwenda. Aliomba wiki moja, gari zuri, dereva mwenye adabu, na binti yake kando. "Si wewe unafanya kazi kwa wasafirishaji? Niletee dereva wenu bora." Ghita akamleta. Hakudanganya, maana Assou ndiye aliyekuwa bora. Wiki nzima njiani na mtu yule, aliwaza, hata jiwe lingempenda, halafu ndipo angemwambia mama ukweli. Ilikuwa hila ya kitoto, lakini mwenye mapenzi hila nyingine atazitoa wapi?

Lalla Batoul alikuwa ameketi sebuleni kwenye kochi refu la ukutani, mguu mmoja juu ya mto, amevaa kaftani ya kijani na bangili zake saba, kana kwamba anapokea balozi. Alikuwa mwanamke mzuri bado, na alijua.

"Kaa, kijana. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi, Lalla. Assou."

"Assou," alirudia, akilionja jina. "Haya, Assou. Magoti yangu haya mawili yana miaka sitini na minne. Yafikishe Merzouga na unirudishie yote mawili."

"Yatarudi mazima, Lalla, yakiwa na hasira kidogo na mchanga."

Mama akacheka. Ghita, aliyekuwa akimimina chai, nusura aimwage. Mama yake hakuwa mtu wa kuchekeshwa na wageni.

Assou akaomba ruhusa, akasogeza sinia katikati. Akachukua glasi tupu, akaiweka pembeni. "Hapa ni Fez, hapa tulipo." Keki ndogo iliyopinda, ile iitwayo pembe ya swala, akaiweka mbele kidogo. "Huu ni msitu wa mierezi wa Azrou. Hapa tunasimama, unashuka, unatembea kidogo kivulini. Goti likikaa sana linakasirika."

"Kuna nyani huko," Lalla Batoul alisema kwa mashaka.

"Wapo. Ila wanaheshimu watu wa Fez."

"Muongo wewe!" alisema, akicheka tena.

Zeituni ikawa Midelt, ambako wangelala usiku wa kwanza kwa sababu ni juu na kuna ubaridi. "Watakaokwambia unaweza kufika Merzouga kwa siku moja wanasema kweli, Lalla, lakini hao hawana magoti yako." Kisha akalaza kitawi cha nanaa juu ya sinia, kirefu. Hilo lilikuwa bonde la Ziz. Sauti yake ikashuka bila yeye kujua. "Hapa utaniambia nisimame, na mimi nitakuwa nimeshasimama. Unatoka kwenye mlima uliokauka hauna hata jani, unapinda kona moja, na chini yako unaona mitende mpaka jicho linachoka. Mimi nimepita pale tangu mdogo. Mpaka leo nikifika kwenye ile kona nazima redio."

Ghita alisahau kumimina. Kila siku alimsikia akiwaeleza wageni barabara zile, lakini hakuwahi kumsikia akizieleza hivi, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango wa nyumba yake. Aliitazama mikono yake mipana, yenye kovu dogo la jeki kidoleni, ikisogeza zeituni na nanaa kwa uangalifu ule. Mungu wangu, aliwaza, nampenda huyu mtu. Akakumbuka sharti lake mwenyewe, akatazama zulia.

"Na huo mchanga?" mama aliuliza, naye sasa ameegemea mbele kabisa. "Wanakuzika kweli?"

"Mpaka shingoni. Shimo wanalichimba asubuhi, wanaliacha lipigwe jua. Mchana unaingia, wanakufukia, kuna mwanamke anakushikia kichwa na kukunywesha maji. Ukichoka unasema basi. Wanakutoa, wanakuzungushia blanketi ndani ya hema, unakunywa mitishamba ya moto. Siku ya kufika huzikwi. Siku ya kufika unapumzika tu. Halafu unazikwa siku mbili, na siku hizo huogi."

"Siogi?"

"Hutakiwi kuguswa na maji wala upepo wa baridi, Lalla."

"Mimi? Binti wa Fez? Nisioge?" Akamgeukia Ghita. "Umesikia huyu?"

"Nitakupulizia marashi ya maua ya michungwa, mama."

"Utakaa mbali nami, ndicho utakachofanya." Lakini macho yalikuwa yanang'aa. "Na baadaye?"

Assou akaweka kipande cha keki mwisho wa sinia. "Baadaye tunakupeleka Tinghir upumzike. Kuna mto, kuna kivuli, kuna hoteli nzuri inayotazama mitende, vyumba tumeshavishika. Mwili uliotoka mchangani unataka kusikia maji yakipita. Kisha ndipo turudi nyumbani polepole."

Lalla Batoul akaliangalia sinia lile, chakula chake kikiwa kimegeuka nchi. "Mume wangu, Mungu amrehemu," alisema, "aliniahidi jangwa tangu tulipooana. Kila mwaka lilitokea jambo." Akamtazama Assou kwa namna ambayo Ghita hakuwa ameiona tangu baba yake afe. "Wewe ni mtoto uliyelelewa. Aliyekuzaa ana bahati."

Ndipo Khalti Zhor akaingia na sinia la fedha, lile la sikukuu, na juu yake imesimama minara miwili ya sukari kwenye karatasi yake ya buluu.

"Nimeona ni dhambi kuiacha jikoni," alisema kwa sauti tamu.

Lalla Batoul aliitazama ile sukari.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa dereva," alisema Khalti Zhor.

"Kwa dereva." Lalla Batoul akashusha mguu kutoka kwenye mto, taratibu. "Katika nyumba hii hakuna aliyekufa. Sivyo, Zhor?"

"Mungu atuepushe."

"Hakuna aliyejifungua. Hakuna aliyerudi kuhiji. Hakuna mtoto aliyetahiriwa." Kila moja alilihesabu kwa bangili. "Basi, Assou mwanangu, nieleze. Sukari hii imekuja kwa lipi kati ya yaliyobaki?"

Assou alikuwa ameapa kutazama zulia. Lakini mtu akibanwa hivyo, macho hukimbilia kwa anayempenda, na ya kwake yakamkimbilia Ghita. Ilitosha.

"Aah," alisema Lalla Batoul. "Ni huyu. Ni wewe! Ndiye mtu wa jangwani!"

"Mama, ngoja nikueleze."

"Unieleze nini? Umemleta nyumbani kwangu kama mwizi aliyevaa shati la kuazima!"

"Shati ni langu, Lalla," Assou alisema kwa upole.

"Nyamaza wewe! Na mimi hapa nacheka! Namwambia amelelewa! Nimemsifu mama yake!" Ni hilo hasa lililomuuma. "Ghita, mimi nimekufanya nini mpaka unifanye mjinga?"

"Ulikataa hata kusikia jina lake!" Machozi yalimpanda Ghita, na pamoja nayo hasira. "Nilitaka umwone tu, mama. Umwone kabla ya kumkataa. Kosa langu ni hilo. Mwenye duka la dawa umemwona mara moja, harusini, na ulikwishampa nyumba nzima!"

"Mwenye duka la dawa yuko Rabat! Asubuhi napanda treni, mchana nimefika!" Sauti ya Lalla Batoul ikakatika. Alipoendelea ilikuwa ndogo, na hapo hakuna aliyeweza kumkasirikia tena. "Kumposa dada yako Nezha alikuja mtu hapa hapa, akaketi hapo alipoketi huyu, akanywa chai yangu, akasifu keki zangu. Leo Nezha yuko Montreal. Wajukuu wangu nawaona kwenye kioo cha simu, wananipungia mkono wakiwa na kofia za sufu, na lugha yangu hawaijui. Kila anayekuja hapa kunywa chai anaondoka na mtoto wangu. Na wewe utakwenda huko mchangani, na mimi nitabaki na Zhor."

"Na mimi je, sitoshi?" alisema Khalti Zhor, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

Assou akasimama. Ghita akadhani anakimbia, na kitu kikamvunjika ndani. Lakini hakuelekea mlangoni. Alipiga goti mbele ya kochi, mbali kiasi cha heshima.

"Lalla, sukari ni kosa langu, si la Ghita. Yeye hakujua. Na hila hii nilipaswa kuikataa, sikuikataa kwa sababu nilitaka kukuona. Nilitaka kumwona aliyemzaa. Mpango wa safari nitauacha ofisini. Dereva mwingine atakupeleka, mzee, mtaratibu. Simama Azrou, simama kwenye ile kona ya Ziz, usikubali akuharakishe. Nataka magoti yako yapone hata kama hutaki kuniona tena."

Lalla Batoul alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kaftani.

"Na mimi simpeleki Ghita popote," Assou aliendelea. "Kazi yangu iko hapa. Nina chumba changu Ain Kadous. Kama ni nyumba, itakuwa hapa Fez, mtaa utakaosema wewe. Jangwani naenda na wageni na narudi."

"Wote husema hivyo."

"Najua. Mama yangu pia anasema wote husema hivyo."

Lalla Batoul alijikuta ameinua macho. "Mama yako? Kwa nini?"

"Dada yangu yuko Almeria, Lalla, kwenye mashamba ya nyanya. Alikwenda kwa msimu mmoja tu, akaolewa huko. Mama anazungumza naye kwenye simu mpaka inamchoma sikio. Kila mkate anaooka anamgawia fungu lake, halafu anakumbuka kwamba hayupo, anampa jirani." Akaitazama ile minara miwili. "Alipokuwa anafunga hii sukari alinipigia. Alisema, huyo mwanamke wa Fez mwenye mtoto ng'ambo, mshike mkono badala yangu. Mimi nikasema, mama, mimi naenda kama dereva, sishiki mkono wa mtu."

Nje, kichochoroni, muuza nanaa alipita akinadi, sauti yake ikaenda ikapotea. Ghita alikuwa ameshikilia birika tupu kifuani bila kujua. Hakuomba kitu. Alimtazama tu yule mtu aliyepiga goti, ambaye angeweza kudanganya na hakudanganya, na akajua kwamba hata mama yake akisema hapana mara mia, yeye hatampenda mwingine namna hii.

"Huyo mama yako," Lalla Batoul alisema mwishowe, "mikate anaoka mwenyewe?"

"Kwenye tanuri la udongo, uani."

"Magoti yake?"

"Mabaya kuliko yako. Ila mchanga hautaki, anasema atazikwa mara moja tu."

Kicheko kikamponyoka Lalla Batoul, akakirudisha haraka. "Inuka hapo chini, unajichafulia suruali. Inuka! Sijasema ndiyo."

"Hujasema, Lalla."

"Na usifikiri nitasema. Nina maneno mengi na wewe bado, na huyu naye," akamnyooshea Ghita kidole, "maneno yake peke yake yatatosha kutoka hapa mpaka Midelt. Ndani ya gari nitakaa mimi mbele. Yeye nyuma na Zhor. Na kile kioo cha dereva nitakigeuza mwenyewe, nisikuone unakitazama. Ukikitazama, nashuka kwenye nyani."

"Sawa, Lalla."

"Na mimi ninakwenda?" aliuliza Khalti Zhor, akiwa ameshika moyo.

"Wewe ndiye uliyeleta fitina kwenye sinia la fedha. Utazikwa kabla yangu, tuone kama kunauma."

Akainama juu ya ile nchi ya zeituni na nanaa. Kidole chake, chenye hina iliyofifia, kikatembea kutoka Fez, kikapita mierezi, kikashuka bonde, kikakaa mchangani, kikaenda mpaka kwenye kipande cha keki ambacho Assou alikuwa amekiweka Tinghir. Hapo kikasimama.

"Hapa ndipo kwenu?"

"Hapo hapo."

"Mama yako yuko hapa, na tanuri lake liko hapa. Na wewe ukanipangia hoteli?"

Assou akatazama zulia. "Niliona aibu, Lalla. Nyumba ni ya udongo. Na wewe ni mtu wa Fez."

"Aibu!" Bangili zote zikalia. "Ghita! Acha kukumbatia birika. Piga simu hotelini, uwaambie hatuji."

Ghita akaitafuta namba, akakosea mara mbili. Sauti ya kijana ikaitika upande wa pili, ya heshima. Akamwambia wanafuta. Kijana akasikitika, akauliza kama kuna tatizo lolote, kama labda vyumba havikuwafurahisha, maana lazima aandike sababu.

Ghita akamwangalia mama yake. Lalla Batoul akavuta glasi yake ya chai, akapuliza, akasema kwa sauti kubwa ili na yule wa Tinghir asikie:

"Mwambie tuna wakwe huko."